Sikwenda Mlimani Kuomba

Mama zangu wa kwaya, na ninyi wengine mnaonisimamisha mlangoni mwa kanisa kila Jumapili kuniuliza mlimani kulikuwaje: nimeshindwa kuwajibu nikiwa nimesimama, kwa hiyo nimekaa nikaandika. Shule niliiacha darasa la sita likiwa katikati, lakini barua najua kuandika. Hii ichukueni kama barua, na muisome mpaka mwisho kabla ya kunikasirikia.

Neno la kwanza ni hili. Sikwenda mlimani kuomba. Nilikwenda kutembea.

Highview

Ilianza kazini, hapa kwetu Highview, pembeni mwa Louisville. Msimamizi wetu kule ghalani ni mama wa Kimarekani aliyepita miaka sitini, na kila mwaka huenda msituni na kundi la wanawake wa rika lake. Wanaongozwa na mtu anayeijua njia, wanabeba mahema mgongoni, na siku ya nne wanatokea upande wa pili. Sharti lao ni kwamba uwe umetimiza hamsini, na uje peke yako, bila mume, bila ndugu, bila rafiki. Mwaka huu yeye hakwenda, akaniambia nijaribu mimi. Mambo ya kujiandikisha nayaruka, hayana utamu.

Mnajua mimi ni mkubwa wa watoto watatu. Wazazi walipokufa nilikuwa na miaka kumi na minne, mdogo wangu Bosco minane, na Chantal miwili. Kutoka milima ya kwetu mpaka kambini nilitembea na Chantal mgongoni na Bosco mkononi. Nimetembea sana katika maisha haya, lakini kila mara kulikuwa na mtu nyuma anayetufukuza au mtu mgongoni anayelia. Nilitaka kujua kutembea bure kukoje. Hicho tu.

Kosa langu lilikuwa kumwambia Mama Sifa, kiongozi wa kwaya, maneno machache mno. Nilimwambia, "Mwezi ujao nitakosa mazoezi. Nitakuwa msituni siku nne, kule milimani karibu na Buffalo."

Mama Sifa aliweka chini kitabu cha nyimbo akanishika mikono yote miwili. "Siku nne! Yaya, ni mzigo gani huo umebeba peke yako?"

Kwa msomaji asiyetujua: kwetu dada mkubwa huitwa Yaya, na mimi nimekuwa Yaya wa watu wengi kuliko niliozaliwa nao. Pia kwetu hakuna mtu mwenye akili anayekwenda kulala mlimani bila sababu. Anayepanda mlima amekwenda kufunga na kuomba. Anakaa mahali pamoja, hali, anakunywa maji tu, na akishuka ana neno kutoka kwa Mungu. Nilifungua kinywa nimweleze, lakini macho yake yalikuwa yameshajaa machozi, nikakifunga.

Kufikia Jumapili kanisa zima lilijua. Mlinijia mmoja mmoja na maombi yenu kwenye bahasha: ya viza za kaka zenu, ya magoti, ya mtoto asiyesikia la mama. Bahasha kumi na moja. Mtu akikuwekea ombi lake mkononi utamrudishiaje? Ungemwambia nini, kwamba unakwenda kunyoosha miguu?

Louisville hadi Columbus

Mama Sifa alinisindikiza kwenye basi mwenyewe. Nilikuwa nimebeba mfuko wa mayai ya kuchemsha, maandazi, na ndagala wa kukaanga, wale samaki wadogo wa kwetu, niliowafunga kwa karatasi mara tatu. Alinusa kabla hajaona.

"Hii ni nini?"

"Chakula cha njiani, Mama. Mfungo unaanza nikifika."

"Shetani naye anaanzia njiani," akasema, na mfuko ukahamia begani mwake. "Mwili uzoee polepole. Nitawapa watoto." Akanibariki, akaondoka na ndagala wangu.

Basi lilitakiwa kuondoka asubuhi. Dereva wa zamu hakutokea, tukangoja wa pili, na wa pili alipokuja akagundua kwamba mlango wa nyuma haufungi. Tulikaa ndani saa tatu bila kusogea hata hatua. Pembeni yangu alikaa bibi mmoja Mmarekani mweusi aliyevaa kofia ya kanisani, anakwenda kumwona mjukuu wake. Alikuwa na kuku kwenye kopo kubwa. Alikula paja moja, akanitazama, akala la pili, akanitazama tena.

"Mwanangu," akasema, "unakiangalia kidari hiki kama kinakudai kodi ya nyumba."

Nilicheka mpaka nikaona haya. Akaniwekea kidari kwenye kitambaa. Nilipokuwa nakitafuna, simu ikalia. Ni Mama Sifa: "Unavumilia, Yaya?"

"Navumilia, Mama," nikasema, mfupa mkononi.

Yule bibi hakuelewa lugha, lakini sauti aliielewa. Alinitikisia kichwa kama aliyezoea kuwafichia watu siri.

Clintonville

Chantal na mumewe Prosper wanakaa upande wa kaskazini wa Columbus, Clintonville, ghorofa ya chini kwa sababu ngazi amekatazwa. Si wote mnaojua habari zake, na ameniruhusu niziandike. Ana miaka arobaini na mmoja. Mimba tatu zimetoka. Hii ya nne ilikuwa imefika mwezi wa saba, na hakuna iliyowahi kufika huko.

Nilifikiri nikifika kwake nitamwambia ukweli, tutacheka, na tutakula. Nilipoingia nilisikia harufu ya sombe, majani ya muhogo, lakini mezani palikuwa na glasi moja ya maji juu ya kitambaa cheupe. Prosper alinisalimia huku akijifuta mdomo, akasema ana kitu anakitafuta kwenye gari. Akakitafuta nusu saa. Baadaye Chantal naye akaingia bafuni na bakuli chini ya kitenge. Wale watu walikuwa wananificha chakula ndani ya nyumba yao wenyewe.

"Chantal," nikaanza, "njoo ukae hapa. Nina jambo."

"Ngoja niseme mimi kwanza, Yaya." Alikaa taratibu, akachukua mkono wangu akauweka tumboni. Mtoto alisukuma. "Wewe unajua sikuwahi kukuomba kitu cha mlimani. Nilikuwa naona haya, watu wote wanakupa maombi. Lakini huyu. Huyu awe wa kwanza, kabla ya bahasha zote."

"Awe wa kwanza," nikasema.

"Donc hautakula kitu? Siku zote nne?"

Nilimlea huyu kwa uji wa kuomba kambini. Hajawahi kuniomba nikamnyima.

"Maji tu," nikasema.

Sasa mmenielewa. Mpaka hapo nilikuwa nimenyamaza tu, na kunyamaza mtu anaweza kujisamehe. Lakini sasa nilikuwa nimetoa neno langu, na nimelitoa juu ya mtoto. Nikila, na mtoto huyu naye akaenda kama wale watatu, nitajua mpaka kufa kwamba nilikula. Nisipokula, nina siku nne za kupanda na kushuka na mzigo mgongoni. Basi la kwenda Buffalo nililipanda nikiwa na maji ya glasi ile tu tumboni.

Buffalo, Grant Street

Bosco alinipokea kituoni akiwa na nguo za kazi, moja kwa moja kutoka kiwandani. Ana miaka arobaini na saba na bado anatembea kama mtu anayetaka kuruka mtaro. Alitaka tupite Grant Street kuninunulia koti la mvua, kwa sababu koti langu alisema ni la kwenda sokoni, si la kwenda kwa Mungu.

Mtaa ule ni jaribu. Duka moja wanakaanga samaki, la pili wanachoma mahindi, la tatu kuna viazi vitamu vilivyopangwa mpaka barabarani. Bosco alinishika kiwiko.

"Bon, Yaya, macho mbele kama askari. Hiyo samaki usiiangalie. Na hiyo pia. Funga pua."

"Nikifunga pua nitapumua na nini?"

"Na imani."

Mama mmoja Mrundi mwenye mgahawa alitoka na bakuli la supu ya ng'ombe, akasema mgeni wa Bosco hapiti mlangoni kwake mkavu. Nilinyoosha mkono. Bosco aliingia katikati. "Asante Mama, dada yangu yuko kwenye mfungo." Yule mama alirudisha bakuli nyuma kwa heshima kubwa, akaniomba nimkumbuke mwanawe anayetafuta kazi. Kwa hiyo bahasha zikawa kumi na moja na maombi mawili ya mdomo.

Asubuhi Bosco alinipeleka kwa gari mpaka mahali njia inapoanzia, mwendo wa saa mbili kusini mwa mji. Walikuwepo wanawake saba, wote Wazungu, wenye kofia pana na fimbo mbili mbili za kutembelea. Bosco aliwatazama muda mrefu.

"Yaya, hawa ndio waombaji?"

"Kila mtu ana namna yake, Bosco."

Hakuridhika. Alimwendea kiongozi, mama mmoja mrefu anayeitwa Dolores, aliyepeleka barua za watu nyumba kwa nyumba mpaka alipostaafu. Akamuuliza kwa Kiingereza kama kutakuwa na makelele. Dolores akamjibu kwamba hapana, kila asubuhi wana saa nzima ya ukimya, hakuna anayezungumza, kila mtu anatafuta mahali pake na kukaa.

Bosco alirudi ameinamisha kichwa. "Nisamehe, nilikuwa nawadharau. Hawa watu wako sérieux." Akanikumbatia na kuondoka.

Msituni, siku ya kwanza na ya pili

Mbele ya Dolores nilimwaga begi langu aangalie nilichobeba. Alitoa pasi ndogo ya umeme, akaiweka pembeni bila kusema neno. Akanipa chakula changu cha siku nne: uji wa shayiri, karanga, wali mkavu unaowekewa maji ya moto. Akaeleza kwamba jioni kila kitu chenye harufu kinafungwa pamoja na kuning'inizwa mtini mbali na mahema, kwa sababu ya dubu. Nilimshukuru Mama Sifa kimoyomoyo kwa ajili ya wale ndagala.

Tulipoanza, kukatokea matata. Nilisimama pembeni ili wote wapite, nami nifuate. Nimezoea hivyo, mkubwa anatembea nyuma ili aone vichwa vyote. Lakini msaidizi wa Dolores, Beth, naye kazi yake ni kutembea wa mwisho. Akanionyesha njia: pita. Nikamwonyesha mimi: pita wewe. Tulionyeshana njia mpaka wenzetu wakapotea kwenye kona, na Dolores akalazimika kurudi.

"Kuna nini?"

"Hataki kwenda mbele yangu," Beth akasema.

"Ninyi nendeni tu," nikasema. "Nitawaangalia."

Dolores akanigeukia. "Mama, hapa wewe ndiye unayeangaliwa. Mimi nalipwa kwa hilo."

Nikapita mbele ya Beth. Shingo iliniuma siku nzima kwa kugeuka nyuma.

Msitu wenyewe nitawaambia ukweli: ni mzuri. Miti imepanda moja kwa moja kama imepigwa kamba, na chini kuna majani makavu yanayokubali mguu. Vijito vina maji baridi mpaka meno yanalia. Ningefurahi zaidi kama ningekuwa na kitu tumboni. Jioni nilisema sina njaa. Chakula changu nikampa Peggy, mwanamke wa miaka sabini na mmoja aliyeendesha basi la shule maisha yake yote na anayezungumza kana kwamba watoto wako nyuma wanapigana. Alikula chake na changu, akasema Mungu anibariki.

Asubuhi ya pili, katika ile saa ya ukimya, nilikaa kwenye jiwe nikafungua bahasha zenu. Nilimtaja Chantal kwanza kama nilivyoahidi, halafu ninyi, jina kwa jina. Msidhani sikufanya. Saa ilipokwisha wenzangu walikula uji, nami nikanywa maji.

Saa sita mchana, kwenye mteremko mkali, miti ilianza kuzunguka. Nilijua inazunguka kwa sababu yangu, nikakaa kabla ya kuanguka. Begi likanivuta kwa nyuma, nikabaki nimelala chali kama mende, miguu juu. Peggy alikuwa wa kwanza kunifikia. Alinitazama usoni, akapiga kelele ya dereva: "Huyu mwanamke hajala tangu jana! Mimi ndiye niliyekula chakula chake!"

Dolores aliniketisha kwenye gogo. Akaniuliza, nami nikamweleza yote, kwa Kiingereza changu cha ghalani: mlima, bahasha, mimba, neno nililotoa. Wote walikuwa wamesimama kunizunguka. Nilingoja wacheke. Hakuna aliyecheka.

"Mambo ya Mungu sina la kukuambia," Dolores akasema. "Ya sukari kwenye damu ninalo. Ukianguka kule mbele kwenye mawe, tutakubeba watu wanne. Ule, au kesho asubuhi Beth akurudishe chini."

"Nimetoa neno langu."

"Najua. Nami nimetoa langu, la kuwatoa wote huku wazima."

Hapo Peggy akauliza swali ambalo mimi, na umri wangu huu, sikuwahi kujiuliza. "Dada yako anajua unatembea?"

"Anajua niko mlimani."

"Anajua umebeba begi na kupanda mawe? Au anadhani umekaa?"

Kwetu mtu wa mlimani amekaa. Chantal alikuwa ananiona nimekaa chini ya mti, shuka mabegani.

"Basi hakukuomba hiki unachofanya," Peggy akasema. "Alimwomba mtu aliyekaa."

Nikamwambia Dolores hivi: sitakula mpaka nimwambie Chantal kwa mdomo wangu, lakini pia sitarudishwa. Akasema kesho kabla ya mchana tutapita kwenye mwamba wenye mtandao wa simu. Mpaka hapo ninywe chai yenye sukari, vikombe vitatu, mbele ya macho yake, na begi langu ligawanywe. Kama chai ni maji au ni chakula, waulizeni wachungaji. Mimi nilikunywa. Watu wanne walibeba vitu vyangu, na Peggy alibeba hema langu, akisema ndiyo adhabu ya wali alioula.

Mwamba wenye mtandao

Siku ya tatu tulifika kwenye mwamba jua likiwa limeshapanda. Ni jiwe pana kama uwanja wa kanisa, na kutoka hapo unaona vilima vikipungua rangi mpaka vinakuwa moshi. Wenzangu walikwenda kukaa mbali kidogo, kwa adabu. Nikapiga. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu alfajiri.

Aliyepokea ni Prosper. "Yaya! Asante Mungu. Umeshuka?"

"Bado. Nipe Chantal."

"Amelala. Yaya, sijui nifanye aje. Ana kizunguzungu tangu jana. Hataki kula."

"Hataki kula kwa nini?"

"Anasema kama wewe haukuli kwa ajili ya mtoto wake, yeye atakula na mdomo gani? Tangu siku umeingia mlima. Nimemwomba, nimepiga magoti. Anasema nisimvunjie maombi."

Ndugu zangu, nilisimama juu ya jiwe lile nikaona baridi jua likiwaka. Mwanamke wa miezi saba! Nilikuwa nimejizuia kula ili nisimdhuru, na huko Columbus alikuwa anajizuia kula kwa sababu yangu. Mtu aliyekuwa anaihatarisha mimba ile alikuwa mimi, kwa sababu ya maneno machache niliyoona haya kuyasema tangu Highview.

"Mwamshe," nikasema. "Mwamshe sasa hivi. Na upike uji."

Sauti ya Chantal ilikuja nyembamba. "Yaya? Mungu amesema kitu?"

"Mungu hajasema kitu. Mimi ndiye ninasema. Sikuja kuomba, Chantal. Nilikuja kutembea. Kuna wanawake wengine, tunabeba mahema, tunatembea tu. Mama Sifa alielewa vibaya, nikaona haya, nikaacha."

Nilisikia sufuria nyuma yake.

"Kutembea wapi?"

"Popote. Bure."

"Ulinidanganya na mkono wako kwenye tumbo langu."

"Nilinyamaza."

"Ni kitu kimoja!" Sauti yake ilipata nguvu, na niliifurahia nguvu ile hata kama ilikuwa ya hasira. "Mimi nalala njaa hapa, weye uko kwenye pikiniki!"

"Sijala, Chantal. Nilikuahidi, sikula. Jana nilianguka."

"Ulianguka? Unapanda milima na tumbo tupu, miaka hamsini na tatu? Uko na wazimu? Kula!"

"Wewe kwanza."

"Siwezi kula kama wewe haujakula."

"Na mimi siwezi."

Tumelelewa na mtu mmoja, ambaye ni mimi, kwa hiyo ubishi tunao sawasawa. Tungebaki pale mpaka betri iishe. Prosper ndiye aliyeamua. Alichukua simu akasema, "Mimi nitahesabu mpaka tatu. Wote wawili mutie mdomoni. Nikisikia mtu anadanganya, nampigia Mama Sifa."

Nikamgeukia Peggy na kunyoosha mkono. Alikuwa hajaelewa neno hata moja, lakini pakiti ya karanga na zabibu kavu alikuwa ameshaifungua. Prosper akahesabu. Nikatia mdomoni.

"Nataka nikusikie unatafuna," nikamwambia Chantal.

"Uji hautafunwi, Yaya."

"Basi umeze kwa sauti."

Akameza kwa sauti. Kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nilikaa juu ya jiwe, simu sikioni, karanga shavuni, nikimsikiliza mdogo wangu akimeza mpaka Prosper aliposema bakuli limekwisha. Nilimwagiza wampigie muuguzi wake wa mimba hapo hapo, na wakampigia. Halafu nikampigia Bosco, kwa sababu niliwaza: kama Chantal alifunga, na huyu je?

"Bosco, umekula?"

"Kwa nini unauliza?"

"Jibu."

"Yaya, nisamehe. Nilifunga na wewe siku ya kwanza, minaapa. Jana kazini tulipakia magari sita. Nilipita kwa yule mama Mrundi nikakunywa ile supu yako. Bakuli mbili. Usimwambie Mungu."

Nilicheka mpaka Dolores akaja kuangalia kama nimeanguka tena.

Kutoka msituni, na kurudi

Siku ya nne nilitembea vizuri. Asubuhi nilikula uji wangu wa shayiri wote, nikaomba na wa Beth alioubakiza. Bahasha zenu nilizisoma tena katika saa ya ukimya, safari hii nimeshiba, na ninawaambia waziwazi ili anayeona ombi lake limeharibika aje anidai. Kwa maoni yangu niliomba vizuri zaidi.

Baada ya hapo sikufanya lolote ila kutembea. Hakuna aliyekuwa nyuma yangu ila Beth, na Beth alikuwa anaimba vibaya. Nilipita kwenye daraja la magogo, nikaona kulungu na mwanawe wakinitazama bila kukimbia, na kwa muda ambao siwezi kuupima sikumfikiria mtu yeyote. Si Bosco, si Chantal, si ninyi. Nilipogundua, nilishtuka kama mtu aliyesahau mtoto sokoni. Halafu nikaendelea.

Columbus nilifika siku ambayo Chantal alikuwa na miadi ya kliniki, tukaenda wote. Muuguzi alikuwa ameshamgombeza kwa simu, akamgombeza tena uso kwa uso, akanigombeza na mimi. Kisha akaweka kile kifaa tumboni. Moyo wa mtoto ulikuwa unakimbia kama farasi mdogo. "Yuko vizuri," akasema. "Mama ndiye asirudie ujinga." Prosper alitoka nje, na safari hii hakuwa anatafuta kitu kwenye gari. Nilimwona kwa dirisha amesimama amefunika uso.

Mtoto bado hajazaliwa ninapoandika haya. Zimebaki wiki chache, na anayetaka kuomba aombe, ila ale.

Nyumbani kwao Chantal alipika fufu na sombe, akaleta na samaki. Akaningoja nimalize sahani ya kwanza. Alikuwa bado amenuna kidogo, ana haki. Akanipakulia ya pili, akakaa mbele yangu, mikono juu ya tumbo.

"Sasa niambie ukweli. Huko kutembea bure. Kulikuwa kuzuri?"

Nilifikiria kumpunguzia, kisha nikaacha. "Kulikuwa kuzuri sana," nikasema.

Akasukuma bakuli la sombe upande wangu.

"Si ungesema tu, Yaya. Tungekufungia chakula."